Watu tisa wiki moja, au mtu mmoja mwaka mzima?

Kila baada ya miezi miwili mitatu hivi meseji hiyo haikosi. Mara kikundi cha ngoma Makunduchi, mara vijana wa beni Wete, mara mtu hata simjui kapewa namba yangu na mtu mwengine, na maneno ni yale yale, dada nyie si mlikwenda Ujerumani, hebu tuunganisheni na sie basi. Namjibu kila mtu kwa vois noti, nyengine zinakuwa ndefu mpaka najionea aibu mwenyewe, kwa hiyo leo nimeamua niandike mara moja, ukiniuliza nakutumia linki yameisha.

Jibu langu nalitanguliza ili mwenye haraka zake aende. Mkipewa kuchagua baina ya kikundi kizima kusafiri wiki moja na mtu wenu mmoja kukaa kule mwaka mzima, chukueni huyo mmoja. Najua hamtaki kusikia. Hata mie nilivyoambiwa mara ya kwanza nilinuna siku mbili, manake nani hataki kupanda ndege na wenzake.

Sasa nihadithie. Sie ni kikundi cha kidumbaki khasa, ule muziki wa kuchezwa harusini wa huku kwetu, ndugu yake taarab, na taarab tunapiga kidogo kidogo mtu akitaka, harusi ndo zinatuweka mjini. Mie napiga fidla na ndo katibu, ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu nina laptopu. Mwaka 2022 walikuja jamaa wa jumuiya moja ya muziki kutoka mji mdogo wa kaskazini ya Ujerumani, wamekuja kwa ajili ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la hapa Unguja, ikisha mtu akawaleta kwenye harusi Jang'ombe tuliyokuwa tunapiga, wakakaa kwenye jamvi mpaka saa saba za usiku hawaondoki. Wakasema lazima mje kwetu. Hiyo "lazima mje" tunaisikia kila msimu wa wageni, mtu akishavuka Chumbe kashasahau, lakini hawa waliandika imeili kweli na mwaka uliofuata tukawa tunatafuta pasi watu tisa.

Hapo ndo utajua kama kikundi chako ni kikundi. Pasi moja laki na nusu, na hiyo ni juu yenu, mwenyeji halipi pasi. Viza ya Schengen, yaani ya kuingilia Ujerumani na wenzake wa Ulaya, huombi hapa Unguja, lazima uvuke uende Dar, wakati ule ilikuwa yuro 80 kwa kichwa (toka Juni 2024 ni 90), bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, tikiti ya kushikilia, barua ya mwaliko, na steitimenti ya benki. Steitimenti! Mpiga kidumbaki wa harusi atatoa wapi steitimenti, pesa zetu sie tunatunzwa, zinaingia kwenye kanga zinatoka siku ile ile zinakwenda sokoni Darajani. Nilikwenda kwa masheha wanne kutafuta barua za kuthibitisha kwamba fulani anakaa hapa na anajulikana, nikazitafsiri usiku kucha, moja nikaandika tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwengine, tukarudi tena Dar kwa hilo tu, watu wawili, boti kwenda na kurudi.

Ikisha wanane tukapewa mmoja akanyimwa. Na aliyenyimwa ni kijana wetu wa vidumbaki. Miaka 22, hana mke hana mtoto hana kiwanja, kwenye ile karatasi wametia tiki kwenye sababu kwamba hawana uhakika kama atarudi kwao. Maalim wetu mwenye wake wawili na watoto kumi na moja hakuulizwa hata suali moja! Kijana aliisoma ile karatasi kwenye boti ya kurudi, akaikunja mara nne akaitia mfukoni, hakusema kitu mpaka tumefika bandarini Malindi, hapo ndo akasema "dada, fidla yako usiitie kwenye mizigo".

Kidumbaki bila ya mpiga vidumbaki, hebu fikiria, jina lenyewe limetoka hapo. Vile vingoma viwili vya udongo anavipiga mtu mmoja na yeye ndo anayeongeza mwendo, wachezaji wakishapanda yeye ndo anajua sasa tukimbie au tungoje kidogo, sie wengine tunamfuata. Tukaenda na mkwasa (vijiti vya kugonga), cherewa (manyanga), fidla mbili, waimbaji, na fimbo ya sanduku.

Hiyo fimbo nayo ina kisa chake. Sanduku letu la besi ni lile sanduku la majani ya chai la zamani, kubwa, ukilipeleka kwenye ndege unalipia kama mtu. Tukaamua tunachukua fimbo na uzi tu, sanduku tutalipata huko huko, Wajerumani watakosa sanduku la mbao kweli? Hawakukosa. Wakatuletea sanduku zuri la mbao nyembamba, lina sauti nzito tamu mpaka mpiga sanduku wetu akacheka peke yake, akaligeuza kutizama chini wapi atoboe, akaona limechapwa picha ya zabibu na chupa. La mvinyo. Mzee kahiji mwaka uliopita tu. Akaliweka chini pole pole kama mtu aliyeshika kitu cha moto, akanitizama mie, mie nikawatizama wenyeji ambao wanatabasamu wanangoja sifa zao. Mwisho nilivua kanga niliyojifunga juu ya gauni nikalifunika lote, likapigwa hivyo siku mbili, watu wakadhani ndo utamaduni, mmoja akaja kuniuliza ile kanga ina maana gani kwenye muziki. Nikamwambia ina maana kubwa.

Wiki yenyewe ilikwendaje? Siku ya kwanza tumelala. Ya pili skuli moja ya watoto, ya tatu tumepokewa na meya na hotuba na juisi ya tufaha, ya nne mazoezi na wenzetu, ya tano onesho, ya sita basi na onesho, ya saba ndege. Yaani siku ya kukaa na wanamuziki wenzetu khasa tukapiga pamoja ilikuwa moja, nayo masaa matatu, nusu yake tunatengeneza maiki. Mpiga ngoma wao aliyejitolea kushika nafasi ya kijana wetu alikuwa fundi, sisemi uongo, mikono yake safi, lakini alikuwa anahesabu, unauona mdomo unahesabu, na kila tukifika pale pa kukimbia yeye anangoja namba yake ifike. Watu walipiga makofi sana. Sie tulikuwa tunajua.

Na mambo ya pesa niyaseme hapa hapa maana hayasemwi. Kila mmoja aliandikiwa yuro 400 kwa maonesho mawili, tukashikishwa 336 na senti. Maalim akadhani tumeibiwa. Kumbe kule msanii wa nje anakatwa kodi palepale anapolipwa, asilimia 15 na juu yake kijisehemu chengine, jumla asilimia 15.825, kwa yuro 400 ndo hiyo 63.30 iliyokwenda. Lakini sheria yao hiyo hiyo inasema malipo ya msanii kwa onesho moja yakiwa hayazidi yuro 250 hayakatwi kitu. Sie mkataba wetu uliandika pesa moja ya jumla. Ungeandikwa onesho la kwanza 200, la pili 200, tungerudi na 400 zetu kamili. Wenyeji wenyewe hawakulijua hilo, walikuwa watu wa kujitolea kama sie, aliyetwambia ni mhasibu wa jumuiya yao baada ya sie kisha kurudi. Watu wanane, zaidi ya yuro 500, kwa sentensi moja. Kwa hiyo mkataba usomeni kabla ya kutia saini, na muulize kila onesho limeandikwa vipi.

Tukarudi. Baada ya mwezi kilichobakia ni picha, kofia za sufi ambazo hapa huna pa kuvaa, na kibwebwe kimoja kimepotea. Kikundi kinapiga kama kilivyokuwa kinapiga. Hatukujifunza kitu na wao hawakujifunza kitu, tumependana tu.

Sisemi safari haina maana. Siti binti Saad mwaka 1928 alivuka mpaka Bombay kurikodi sahani na bila ya safari ile sauti yake tungeisikia wapi leo. Bi Kidude alitembea dunia, na 2005 WOMEX, yale maonesho makubwa ya muziki wa dunia, ikampa tuzo yake, na wangapi wamekuja Zanzibar kwa sababu walimuona yeye kwenye steji huko kwao. Lakini tizama taarab yenyewe ilivyoingia hapa. Inavyosimuliwa, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, sawa, wageni wakapiga jumba likafurahi, lakini pia alimtuma mtu wake Mohamed bin Ibrahim aende Cairo akakae ajifunze kanuni, ile ala ya Kiarabu ya nyuzi nyingi, ikisha arudi afundishe wengine. Na 1905 ndo ikaja Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab ambacho mpaka leo kipo. Wale Wamisri waliopiga jumba likafurahi hakuna anayewajua majina. Huyo aliyekwenda akakaa akarudi, jina lake tunalo.

Mwaka uliofuata wenzetu wakaandika tena, safari hii njooni watu kumi, wana bajeti. Mie nishaanza kuhesabu nani wa kumi. Maalim akasema hapana. Kikao kile kilikuwa kibaya jamani, tumekaa kwenye baraza ya nyumba yake Kikwajuni toka baada ya ishaa, watu wamesema maneno ambayo mpaka leo hayajasameheka yote, mmoja akasema Maalim kashapata yeye safari yake sasa anatubania. Maalim kangoja mpaka wamemaliza. Akasema hizo pesa za watu kumi waulizeni kama zinaweza kumuweka mtu wetu mmoja kule na mtu wao mmoja hapa, na mtu wetu ni yule aliyenyimwa viza. Wawili wakatoka kwenye kikundi wiki ile ile.

Zikaweza, na wala hazikutumika zote. Kumbe Wajerumani wana mpango wa serikali unaitwa weltwärts, upo toka 2008 kwa vijana wao kwenda nje, na toka 2013 ukafunguliwa na upande wa pili, vijana wa huku kwenda kule, umri 18 mpaka 28, nyumba na bima na pesa ya mfukoni juu yao. Wanorwei nao wana Norec, zamani ikiitwa Fredskorpset wakabadilisha jina 2018, wao wanachukua 18 mpaka 35, na wanabadilishana hata nchi za Afrika kwa Afrika bila ya mzungu katikati. Lakini sikilizeni vizuri, huku kote haombi mtu mmoja mmoja. Inaomba taasisi na mwenzake, kwa hiyo kikundi kisichosajiliwa kisicho na akaunti ya benki kinabaki kutizama tu. Sie tulikuwa tumesajiliwa BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, akaunti tukafungua, ikatuchukua miezi mitatu kwa sababu kila mwenye kutia saini alikuwa ana harusi siku ya kwenda benki.

Na viza? Ya wiki moja alinyimwa, ya mwaka mzima akapewa. Sitaki hata kueleza. Mie nadhani mtu mwenye mkataba wa mwaka na kitanda chake kinajulikana kiko wapi anaeleweka kuliko mtu anayekuja kupiga ngoma siku mbili, lakini hiyo ni nadharia yangu ya barazani.

Binti wao akatangulia kuja. Mpiga fidla, kasoma, anasoma noti kama mie ninavyosoma status za watu. Tukampa nyumba Mwembetanga kwa bibi mmoja mjane ambaye ujanani alikuwa mchezaji wa kidumbaki hakuna mfano wake. Mwezi wa kwanza akaturikodi, akaandika kila kitu, wa pili akawa anapiga sawa sawa na mie, kila sauti iko mahala pake hata zile robo sauti za bayati, mahadhi ya Kiarabu, ambazo mikono ya skuli huwa inazikimbia. Tukamtia kwenye harusi. Kapiga, na wanawake wamekaa. Wanakula biriani zao wanaongea. Nilipochukua fidla mie wakainuka, nyimbo ile ile jamani. Akalia njia nzima, bibi akamwacha alie mpaka wamefika nyumbani, akampa chai ya mchaichai akamwambia mwanangu unapiga vizuri, lakini hutupigii sie. Toka siku ile bibi akimwachisha fidla ndani akimchukua jikoni kwenye maharusi, anakwaruza nazi, anafunga kanga, anawatizama nani anainuka kwa nyimbo gani na nani anamsubiri nani. Miezi mitano hivyo. Mwezi wa nane kapiga kule mtaa wa Amani kwenye harusi ya mtoto wa jirani na mama mmoja mnene mwenye goti bovu kainuka, bibi akanifinya mkono mpaka pakabakia alama.

Hiyo hupati kwa warsha ya siku tatu hata mgawe vyeti vya rangi.

Na hapa nitie neno la wafadhili kidogo maana vijana wanadhani ukishapata mshirika wa nje umetoka. Sauti za Busara yenyewe, kubwa kiasi kile, 2016 haikufanyika kwa sababu ya pesa. Skuli ya muziki ya DCMA, iliyoanza 2002 na imefundisha nusu ya wapigaji unaowasikia mjini, 2019 ilitangaza kwamba pesa zinaisha na inaweza kufunga. Mfadhili ana miaka yake mitatu, ikisha anabadilisha mada, mwaka huu wanawake mwakani tabianchi. Mtu uliyemfundisha habadilishwi mada.

Mambo mengine madogo madogo haraka haraka. Rikodi: muandikiane nani mwenye video na nani anaruhusiwa kuitia mtandaoni, sie ile ya onesho la kwanza tuliikuta imewekwa bila ya majina yetu, imeandikwa "wanamuziki kutoka Afrika", basi. Nyimbo zenu zisajilini COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, kabla ya kuondoka. Barua ya mwaliko iandikwe majina kama yalivyo kwenye pasi, Khamis na Hamis kwa ubalozi ni watu wawili. Ombeni viza mapema, wanapokea toka miezi sita kabla. Na mwenyeji akikuulizeni mnahitaji nini msiseme "kujengewa uwezo", semeni mnataka nyuzi, mnataka fundi, mnataka mtu wa kumfundisha fulani kitu fulani.

Sasa kijana wetu. Tulimpeleka akijua ngoma, tukadhani atarudi na ngoma zaidi. Kule kapangiwa kwenye skuli ya muziki ya mji, anafundisha watoto, anapanga viti. Na kwenye skuli ile kuna mzee kutoka Aleppo, alikimbia vita vya Syria, anafundisha kanuni jioni kwa wanafunzi watatu. Kijana akawa wa nne. Anatutumia vois noti usiku, "dada, huyu mzee anapiga rasti kama wale wa santuri za babu" (rasti nayo ni mahadhi kama bayati). Kwa hiyo mtoto wa Jang'ombe kaenda kujifunza kanuni ya Kiarabu Ujerumani ya kaskazini, kwa Msyria, kwenye baridi. Maalim alivyosikia kacheka mpaka akatoa kofia.

Karudi Septemba. Kwenye chumba cha kikundi tuna kanuni moja iliyoachwa na marehemu, ilikuwa imening'inizwa ukutani miaka na miaka ndani ya foronya, hakuna wa kuigusa. Kaishusha siku ya pili tu, hata zawadi hajamaliza kugawa. Kanuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, kazihesabu mbele yetu, 31 zimekatika au zimeoza. Kafungua begi katoa bahasha ya nyuzi alizopewa na yule mzee, kakaa chini na koleo dogo, anafunga mmoja anavuta, anausikiliza, anaulegeza tena, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Ilipofika magharibi alikuwa kafunga 19 na bahasha imekwisha. Bado 12, zote za upande wa juu, nyembamba, hapa mjini nimezunguka maduka yote sijaziona na aliyeniuzia nyuzi za kuvulia samaki Darajani akisema ndo hizo hizo, zimekatika usiku ule ule.

Basi kama wewe unayesoma unakuja kutoka Cairo au Istanbul, au una ndugu yako huko, niandikie hapa chini nikupe vipimo.